Kujitakia heri na kuwatakia wengine: maswali tunayoulizwa kila Jumamosi

Sisi ni watu kumi na kitu tunaoketi kimya pamoja kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi mdogo, South B, Nairobi. Wageni huuliza maswali yaleyale, wengine mlangoni wakivua viatu, wengine kwa ujumbe wa simu saa saba za usiku. Nimeyakusanya na kuyajibu mimi mwenyewe, kwa hiyo ukikutana na mwenzangu anayesema vingine, msikilize pia.

Tafakuri ya wema ni kitu gani hasa?

Ni kukaa kimya na kumtakia mtu heri kwa makusudi, tena na tena, mpaka moyo uzoee njia hiyo. Unaanza na nafsi yako, unafuata na mtu unayempenda, kisha mtu usiyemjua vizuri, kisha mtu mliyekosana, na mwisho viumbe wote.

Zoezi lenyewe lilitoka India ya kale. Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabuddha, linaitwa mettā. Aliyelipanga kwa ngazi na kulieleza kwa kirefu ni mtawa Buddhaghosa, aliyeandika kitabu cha Visuddhimagga huko Sri Lanka katika karne ya 5. Anaonya kwamba usianze na mtu unayemtamani, maana akili itatoroka upande mwingine. Usianze na adui, utachoka bure. Na usimchague mtu aliyekwisha kufa. Mzee yule alikuwa anawajua watu.

Wengine hulitafsiri neno hilo "upendo". Mimi nalikwepa, kwa sababu upendo mjini hapa umeshachoshwa na mabango na nyimbo za redio. Huruma nayo ni zoezi jingine, lina jina lake kwa Kipali, karuṇā, na hulenga mtu aliye katika mateso. Nasema "kutakia heri" kwa sababu ni jambo tunalolifanya tayari: mtoto anapokwenda mtihani, jirani anaposafiri, mwaka unapogeuka. Tena heri kwa Kiswahili ina maana ya afadhali, nami napenda hivyo. Humtakii mtu utukufu. Unamtakia afadhali kidogo kuliko jana.

Mimi ni Mkristo. Je, hii si ibada ya kigeni?

Swali hili huulizwa na Waislamu pia, ila wao huuliza kwa sauti ya chini zaidi.

Asili yake ni ya Kibuddha, sitakuficha. Lakini katika zoezi lenyewe hakuna sanamu, hakuna anayeombwa, na hakuna unachotakiwa kukikana. Katika kundi letu wamo walokole wawili, mama mmoja wa Kikatoliki anayekuja na rozari mfukoni, na kijana wa Eastleigh anayeondoka mapema siku akiwa na shughuli msikitini. Hakuna aliyebadili dini. Mmoja aliacha kuja kwa sababu mchungaji wake alikataa, na hatukumfuata kumshawishi.

Ukitazama vizuri utaona kwamba jambo hili si geni kwako. "Mpende jirani yako kama nafsi yako" imo katika Mambo ya Walawi na katika Injili ya Marko, na watu husoma nusu ya kwanza wakasahau kwamba ya pili inadhani nafsi yako unaipenda. Muislamu anayeijua hadithi ya kumi na tatu ya Mtume, katika zile arobaini alizozikusanya Imamu Nawawi, anajua kwamba imani haikamiliki mpaka umpendelee ndugu yako unachojipendelea mwenyewe. Hapo tena kipimo ni nafsi yako. Na salamu ya "As-salaam alaykum" ni dua ya kumtakia mwenzako amani, tunavyoitamka mbiombio tu ndiyo inapotea. Kama dhamiri yako bado inakusumbua, basi usije. Kaa na dua zako, uzitamke polepole.

Naanzaje nikiwa peke yangu nyumbani?

Kaa popote ambapo mgongo unaweza kunyooka bila kukakamaa. Kiti cha plastiki kinatosha, kitanda pia, jerikeni iliyopinduliwa pia. Fumba macho au yaelekeze sakafuni. Pumua mara kadhaa bila kulazimisha pumzi.

Halafu ujiambie, kimoyomoyo, ukiacha nafasi kati ya sentensi na sentensi:

Niwe salama.
Niwe mzima.
Nipate utulivu.
Mambo yangu yawe mepesi.

Usiyakimbize kama tasbihi ya mtu mwenye haraka. Sema moja, kaa nayo kwa pumzi mbili au tatu, kisha nenda kwenye inayofuata. Akili itakwenda zake, kwenye kodi ya nyumba, kwenye stima inayokaribia kuisha, kwenye maneno ya bosi. Ukigundua imekwenda, irudishe bila kuigombeza. Hapo kwenye kutoigombeza ndipo wengi hufeli, na kusema kweli ndipo zoezi lenyewe lilipo: unarudi mara mia kwa dakika kumi, na kila kurudi ni nafasi ya kujitendea kwa upole au kwa ukali.

Baada ya siku kadhaa ongeza mtu wa pili, yule ambaye ukimkumbuka uso wako unalegea wenyewe. Awe hai. Wengi huchagua shosho, mtoto, au mwalimu wa zamani. Mwone usoni, umwambie: uwe salama, uwe mzima. Mtu wa tatu ni yule usiyempenda wala kumchukia, na Nairobi imejaa watu hawa. Fikiria askari wa mlangoni pa supamaketi, anayekupitishia kile kifaa cha kupekulia mara tatu kwa wiki. Unajua sura yake? Ana watoto? Alikuja kazini kwa miguu kutoka wapi? Mimi niliwahi kumtakia heri askari mmoja kwa mwezi mzima, na siku alipohamishwa lindo niliona pengo mlangoni, ilhali jina lake sikuwahi kulijua. Mtu wa nne ana swali lake hapo chini.

Kujitakia heri mwenyewe si ubinafsi? Au kujidekeza?

Hili ndilo swali kubwa, na Kiswahili chetu kinachangia kulikuza. Ukisema mtu "anajihurumia" watu wanaelewa kwamba amekaa kona analialia. Hatuna neno jepesi la kuwa mwema kwa nafsi yako bila kuonekana umejionea imani kupita kiasi.

Lakini neno pole tunalo, na lugha nyingi hazina neno la kulilinganisha nalo. Mtu akijikwaa barabarani, hujamsukuma, humjui, unamwambia pole. Akipiga chafya, pole. Akitoka kazini amechoka, pole na kazi. Tunaigawa bure siku nzima, na sijamsikia mtu akijiambia mwenyewe.

Nikupe kisa. Siku moja nikiwa kwenye matatu, Jogoo Road, nilituma shilingi 3,000 za karo kwa simu, nikakosea tarakimu moja. Aliyezipokea akazima simu. Maneno niliyojiambia ndani ya kichwa siwezi kuyaandika hapa. "Mjinga" ndilo lililokuwa la heshima. Mama aliyekaa karibu yangu, mwenye kikapu cha nyanya, aliona uso wangu akauliza kumetokea nini. Nikamweleza. Akasema, "Woi, pole sana. Hata mimi ilinipata." Akanyamaza, akaendelea kushika kikapu chake. Kosa lilikuwa lilelile, na abiria nisiyemjua ndiye aliyenihukumu kwa haki kuliko mimi.

Ndani ya maneno yake yalikuwamo mambo matatu ambayo Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, aliyaweka katika maandishi yake mwaka 2003 alipoeleza maana ya kujitendea wema: uangalie maumivu kama yalivyo bila kuyakuza wala kuyaficha, ukumbuke kwamba kukosea ni kwa binadamu wote na hujaandikiwa peke yako, na ujisemeshe kama unavyomsemesha rafiki. "Pole sana. Hata mimi ilinipata." Mama wa nyanya hakuwa amesoma Austin.

Kuhusu kudeka: wengi wetu tulilelewa kwa imani kwamba bila kiboko mtu hasongi mbele, na tukishakuwa wakubwa tunakishika kiboko wenyewe. Mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha majaribio yaliyolipima jambo hilo. Wanafunzi walifanya mtihani mgumu wa msamiati wakaanguka. Baadhi yao wakaelekezwa kuutazama mwanguko huo kwa upole. Hao ndio waliokaa muda mrefu zaidi wakisoma kwa ajili ya mtihani wa pili. Mwalimu wa kiboko hangeliamini jambo hilo, na mimi mwenyewe nilichukua muda.

Nikisema "niwe salama" sihisi chochote. Wakati mwingine nahisi nadanganya.

Itazame sarufi. Hujasema "mimi ni salama". Umesema "niwe". Ile e ya mwisho ni ombi, haitoi taarifa, kwa hiyo haiwezi kuwa uongo. Ni kama kusema "safari iwe njema" kwa mtu anayepanda basi la usiku. Hukutoa ahadi kwa niaba ya dereva.

Kutohisi kitu ni jambo la kawaida kabisa. Unapanda tu, huvuni siku hiyohiyo. Ikiwa kujitakia heri kunakugomea kabisa, anza na yule shosho, na moyo ukishapata joto jipenyeze pembeni yake, kana kwamba mmekaa benchi moja na maneno yanawaangukia wote wawili. Wapo pia wanaolia. Leta leso.

Mtu aliyeniumiza, lazima nimtakie heri?

Si lazima, na hakika si mwanzoni. Nimeona watu wakija siku ya kwanza wakataka kuanza na mume aliyewaacha au mjomba aliyeuza shamba la familia. Ni kama mtu ambaye hajawahi kukimbia kuanza na marathoni. Anza na konda aliyekunyima chenji.

Halafu tutenganishe mambo yanayochanganywa. Kumtakia mtu heri si kumsamehe deni. Si kurudi kwake wala kunyamaza. Kama mtu anakupiga, ondoka kwanza, tafuta msaada, uripoti, kutafakari kutakusubiri. Unaweza kumtakia mtu afya njema na asubuhi yake ukampeleka kortini, na ukifanya hivyo utaongea mbele ya hakimu kwa utulivu zaidi.

Mwenzetu mmoja alikuwa kwenye chama ambacho mweka hazina alikula pesa akahamia mtaa mwingine. Kila jioni akiosha vyombo mwenzetu huyo alikuwa akitunga hotuba ya kumwambia siku wakikutana. Miaka miwili ya hotuba! Mweka hazina hakuisikia hata sentensi moja, ila mume na watoto waliokuwa sebuleni walizipata zote, kwa mlio wa sufuria. Alipojaribu kumtakia "awe salama", maneno yalikwama kooni. Tukakubaliana apunguze: "apate usingizi usiku wa leo." Hilo aliliweza. Pesa bado anazidai, na barua ya wakili ilikwenda.

Nikizidisha wema ndugu watanimaliza. Nifanyeje?

Anayeuliza hivi kwa kawaida ndiye mwenye mshahara peke yake katika ukoo, na simu yake hulia kuanzia tarehe 28. Simcheki.

Buddhaghosa anasema kila sifa njema ina adui wawili. Adui wa mbali wa mettā ni chuki, na huyo unamwona akija. Adui wa karibu ni mapenzi ya kung'ang'ania, yanayovaa nguo za wema: nakupa ili unipende, nakupa kwa kuogopa utasema nini kijijini, nakupa halafu nakuchukia wiki nzima. Ukichunguza pesa nyingi zinazotumwa mwisho wa mwezi, sehemu fulani hutumwa na huyu adui wa karibu. Simaanishi zote. Nyingine ni upendo mtupu, na anayetuma anajua tofauti kwa jinsi mkono unavyokuwa mwepesi.

Kwa hiyo kabla ya kujibu ujumbe wa "nisaidie", keti dakika tatu. Mtakie heri aliyeomba, ujitakie heri wewe, ndipo uamue. Mara nyingine utatuma. Mara nyingine utasema "mwezi huu sina" bila kutunga uongo wa hospitali. Wazee wetu, ambao hakuna anayewashutumu kwa uchoyo, ndio waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wanaofundisha mettā huifundisha pamoja na huruma, na kufurahia mafanikio ya wengine, na utulivu wa moyo usioyumbishwa, upekkhā. Huo wa mwisho ndio unaokuwezesha kukata simu kwa upole.

Naishi chumba kimoja na watoto watatu, na kuna kelele kila upande. Nitatafakari wapi?

Kelele za Nairobi haziishi: spika za mahubiri, adhana, jenereta, mbwa, jirani na muziki wake. Zoezi hili, tofauti na mengine mengi ya kutafakari, halihitaji kimya. Linahitaji watu, na hapo umejaliwa.

Fanyia kwenye matatu. Mfuko kwapani, simu ndani, usifumbe macho ukaibiwa. Chagua kichwa kimoja mbele yako, mtu ambaye humwoni hata uso, umtakie heri mpaka Muthurwa. Foleni ya Outering Road ikikwama, mtakie dereva, ambaye amekuwa nyuma ya usukani tangu saa kumi za alfajiri na mgongo unamuuma kuliko wako. Kisha konda. Siahidi kwamba nauli itashuka.

Mara moja kwa mwezi tunakwenda msitu wa Karura, tunatembea polepole tukimtakia heri kila anayepishana nasi, hata wale wanaokimbia na saa za gharama mkononi. Masimulizi ya kale yanasema mafundisho ya mettā yalitolewa kwa watawa waliotishwa na mizimu ya miti wakakimbia msitu. Wakapewa maneno haya na kurudishwa kulekule. Anayeikumbuka Karura ya miaka ya tisini, kabla haijawekewa uzio, ataelewa hofu yao. Kwenye lango la msitu huo Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na wenzake walishambuliwa Januari 1999 walipokwenda kupanda mti. Leo tunabishana tu nani alisahau maji.

Kuna ushahidi wa kisayansi, au ni maneno matamu tu?

Upo, ingawa usiupandishe bei. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Barbara Fredrickson na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta Marekani, waliofundishwa zoezi hili kwa wiki saba. Hisia njema ziliongezeka polepole kadiri wiki zilivyosonga, na pamoja nazo mambo kama ukaribu na wengine na kuridhika na maisha. Mwaka huohuo Cendri Hutcherson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba hata dakika chache zinatosha kumfanya mtu aone picha za watu asiowajua na kujisikia karibu nao kidogo zaidi. Kidogo. Anayekuuzia zoezi hili kama dawa ya shinikizo la damu au njia ya kupata visa, mkimbie.

Nitumie lugha gani?

Ile uliyobembelezwa nayo. Kikamba, Kiluo, Kigikuyu, Kisomali, Sheng kama ndiyo iliyokulea. Tunao kijana wa Kayole ambaye maneno yake ni "nikuwe fiti, nikuwe poa", na sina la kumsahihisha.

Dakika ngapi?

Kumi kila siku zinashinda saa nzima ya Jumapili moja.

Nasinzia kila nikifumba macho.

Umechoka. Lala. Ukiamka ufanye ukiwa umesimama.

Na watoto?

Dakika moja kabla ya kulala, kila mmoja ataje mtu mmoja na mnyama mmoja wa kutakiwa heri. Jiandae kusikia kuku na mende.

Nina msongo mzito, nafikiria hata kujidhuru. Zoezi hili litanisaidia?

Lisiwe la kwanza, wala usibaki nalo peke yako. Kwa mtu aliyepitia mambo mazito, kukaa kimya na kufumba macho kunaweza kufungua mlango ambao hayuko tayari kuupita. Zungumza na mtu leo. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bure, na Befrienders Kenya wapo kwa ajili ya kukusikiliza. Nenda hospitali iliyo karibu na useme wazi unachofikiria, na kama huwezi kwenda peke yako, mwambie jirani akusindikize. Ukipata nafuu na daktari akikubali, karibu tuketi, macho wazi, karibu na mlango, na unatoka wakati wowote bila kuuliza.

Mwalimu, mnalipisha kiasi gani?

Hatulipishi, na mimi si mwalimu. Niliwahi kufika mapema tu kuliko wengine. Njoo na leso au shuka ya kukalia, maana sakafu ni baridi mwezi wa Julai. Viatu vinabaki nje, na huwa kuna mtu anayevitazama. Ukichelewa ingia tu, hakuna atakayegeuka. Saa nne kasorobo tunakunywa chai, na anayemaliza sukari ndiye ananunua ya wiki ijayo.